Nyumba ya udongo kwenye baridi ya Njombe na Makete: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaojenga Njombe, Makete, Rungwe na Mbeya vijijini, na wachache wa Mbulu na Lushoto. Yanahusu nyumba ya familia: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko la ndani, kuta za udongo usiochomwa. Mimi nimejenga mbili hapa Njombe. Ya kwanza ilitutetemesha Julai nzima, na makosa yake nitayataja kila yanapohusika.

Tangu zamani tunaambiwa nyumba ya udongo ina joto. Kuna cha kupanga hapo kweli?

Kipo, na ndicho kinachowaangusha wengi. Udongo hautengenezi joto. Unatunza lile ulilolipata, jua la mchana au moto wa jiko, kisha unalitoa polepole. Ukuta wa tofali mbichi wenye unene wa sentimita 40 hupitisha joto la upande mmoja hadi wa pili kwa muda wa saa 10 hadi 12. Ndiyo maana jua lililoupiga saa 8 mchana mnaanza kulihisi ndani watoto wakiwa wameshalala.

Sasa piga hesabu ya Julai. Tuseme mchana nje ni nyuzi 18 na usiku ni nyuzi 6. Wastani wake ni nyuzi 12. Nyumba ya ukuta mnene isiyopata jua wala moto itatulia karibu na 12 hiyo hiyo, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Haitashuka hadi 6 kama banda la mbao, lakini wala haitapanda. Mgeni akiingia saa 6 mchana anatoka nje kuota jua, na mwenye nyumba anamfuata.

Kinachokosekana ni blanketi. Tofali la udongo ni kama jiwe la mekoni, linashika joto vizuri lakini haliwezi kulizuia lisitoke. Blanketi ni kitu chepesi chenye hewa iliyofungiwa ndani: majani makavu ya ngano, pumba za mpunga, maranda, kokoto nyepesi za volkano. Nyumba nzuri ya huku juu inataka vyote viwili, kizito kwa ndani na chepesi kwa nje na kwa juu. Nitakayoyasema hapa chini karibu yote yanarudi hapo.

Hela ni kidogo. Nianze na kipi?

Dari. Kabla ya vigae, kabla ya rangi, kabla ya geti.

Hewa ya moto hupanda, na juu yake mmeweka bati, ambalo halizuii joto hata kidogo. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hata hewa ya nje. Nyumba yangu ya kwanza haikuwa na dari kwa miaka miwili, kwa sababu fundi wangu alisema dari ni urembo na mimi nikamwamini. Tuliwasha jiko sebuleni, mapaja yakapata moto, mabega yakabaki baridi. Alfajiri bati lilikuwa linatoa jasho: mvuke wa pumzi zetu na wa sufuria unapanda, unagusa chuma baridi, unageuka maji. Matone yalidondokea daftari la hesabu la mtoto wangu hadi wino ukatambaa ukurasa mzima. Mwalimu wake alidhani tuna paa linalovuja. Paa lilikuwa jipya.

Dari ya jipsamu haitoshi?

Inazuia upepo, hilo tu. Haina unene wa kuzuia joto. Unahitaji kujaza kitu juu yake, angalau sentimita 15, na ukiweza 20.

Nijaze nini?

Chaguo langu la kwanza ni pumba za mpunga. Ukiwa Njombe au Makete zinatoka mashine za Mbarali na Kyela, na mara nyingi mwenye mashine anafurahi ukimwondolea lile lundo, gharama yako ni usafiri. Ganda la mpunga lina silika nyingi, yaani madini kama ya mchanga, haliozi haraka na wadudu hawalipendi. Kwa nyumba ya mita 9 kwa 8 dari ni mita za mraba 72. Ukijaza sentimita 20 unahitaji mita za ujazo 14 na ushee, sawa na magunia 120 ya debe 6. Zichanganye na chokaa kavu kidogo zikiwa bado chini, maana ukiwa juu ya dari vumbi litakutoa machozi.

Angalia uzito. Kila mita ya mraba itabeba kilo 20 au zaidi, na jipsamu iliyofungwa kwa mtindo wa kawaida italegea. Tumia mbao za dari za paini, vipande vya kushikilia viwe karibu karibu, sentimita 40 badala ya 60. Tandika kitambaa au magunia yaliyofumuliwa kwanza ili pumba zisichuje kwenye mianya.

Maranda ya viwanda vya mbao vya Mafinga na Njombe ni rahisi zaidi kupata, ila yanashika moto upesi. Mimi huyachovya kwenye uji mwembamba wa udongo, nayaanika hadi yakauke kabisa, ndipo yanapanda. Ni kazi ya wiki nzima na migongo itauma.

Mambo matatu yasiyo na mjadala: nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba yake, bomba la moshi lijengewe boksi la bati au tofali ili pumba zisiliguse, na juu ya pumba iachwe nafasi ya hewa kati yake na bati, na matundu yenye wavu huku na huku chini ya mapaa, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Bila upepo huo jasho la bati litalowesha pumba, na pumba mbichi hazizuii baridi.

Panya watakuja. Wavu wa tundu dogo kwenye kila mwanya wa ukingo wa paa husaidia kuliko sumu.

Ukuta upi ni bora: tofali mbichi, kushindilia, kukandika au tofali za kufungamana?

Tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazogandamizwa kwa mashine, ni nadhifu, zinajengeka haraka na zinaokoa udongo wa kujengea. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezinadi kwa miaka mingi, na kwa Dar es Salaam au Morogoro sina neno. Shida huku kwetu ni unene. Ukuta unatoka karibu sentimita 15, na ukuta huo hupoteza joto mara 2 ya ule wa tofali mbichi wa sentimita 40. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Ukizipenda, jenga kuta mbili zenye nafasi katikati na ujaze nafasi hiyo kitu chepesi.

Udongo wa kushindilia ndani ya mbao ni imara na mzuri wa kutazama, lakini unataka mbao nzito, watu wengi na fundi aliyewahi kuufanya. Kukandika kwa miti na udongo ndiko babu zetu walikofanya. Rungwe, Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na udongo nyumba zilizowashangaza wageni kwa unadhifu. Kasoro yake ni wembamba na mwanya unaofunguka kila mti unapokauka.

Halafu kuna udongo mwepesi, ambao watu wengi hawajauona. Chukua majani makavu ya ngano, yachovye kwenye uji wa udongo mfinyanzi mzito kama wa kunywa, yachuje, kisha yashindilie kidogo kati ya mbao mbili. Yakikauka unapata ukuta ambao ukiugonga unalia kama gunia. Wenye sentimita 30 unazuia joto zaidi ya mara 3 ya tofali mbichi la sentimita 40. Ila haubebi paa, unataka nguzo na mihimili ya mbao.

Ninachopendekeza kwa familia nyingi ni mchanganyiko. Jenga tofali mbichi pande zote, lenye kubeba paa na kutunza joto. Kisha upande wa kusini na kusini mashariki, unakotoka upepo wa kipupwe, uvalishe ukuta kwa nje koti la udongo mwepesi la sentimita 15, lililoshikwa na fito za mianzi. Koti hilo peke yake linapunguza hasara ya ukuta ule kwa zaidi ya nusu. Mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe, inafaa sana, ila ukitaka kuinunua usiende msimu wa mvua. Wakati huo kila shina ni mali, na mwenye mianzi atakukaribisha kikombe badala ya kukuuzia fito.

Nitajuaje udongo wa kiwanja changu unafaa?

Ondoa udongo mweusi wa juu, ule wenye mizizi, hadi ufike ule wa chini. Mara nyingi ni kama nusu mita. Jaza chupa ya uwazi robo tatu: theluthi udongo, iliyobaki maji, na chumvi kidogo. Tikisa sana, weka mezani, usiiguse hadi kesho. Mchanga utalala chini ndani ya dakika moja, tope laini litafuata, na mfinyanzi utakaa juu kabisa. Kwa tofali mbichi unatafuta mfinyanzi kati ya asilimia 15 na 30 na mchanga nusu au zaidi. Ukizidi mfinyanzi, tofali litapasuka likikauka, na dawa yake ni mchanga na majani yaliyokatwakatwa. Ukizidi mchanga, litamomonyoka.

Kipimo cha pili hakihitaji chupa. Viringisha udongo wenye unyevu kidogo uwe mpira wa ukubwa wa ngumi, udondoshe kutoka usawa wa kifua. Ukivunjika vipande vichache vikubwa, vizuri. Ukitawanyika kama unga, hauna gundi. Ukibonyea tu kama ugali, mfinyanzi au maji yamezidi.

Kisha fyatua tofali 10 tu za majaribio kutoka mashimo tofauti, uziache mwezi. Rungwe na sehemu za Makete zenye majivu ya volkano, hatua hii usiiruke. Udongo wa huko ni mwepesi mkononi na unadanganya: unaonekana mzuri ukiwa mbichi, ukikauka unasinyaa.

Nyumba itazame wapi?

Hapa mafundi wanaotoka pwani wanakosea kwa nia njema. Kule wanakimbia jua la magharibi. Sisi tunalitafuta.

Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, jua liko kaskazini mwetu. Njombe, adhuhuri ya mwishoni mwa Juni, linafika nyuzi 57 hivi juu ya upeo upande wa kaskazini. Kwa hiyo sebule na vyumba vya kulala vitazame kaskazini, mashariki na magharibi. Upande wa kusini weka stoo, choo, ngazi, kabati, na madirisha madogo yasiyozidi mahitaji ya mwanga.

Kuna mgongano ambao wachoraji wengi hawauoni. Ukuta wa udongo unataka mapaa yatokeze sana kuukinga na mvua, tuseme sentimita 90. Lakini paa linalotokeza hivyo, adhuhuri ya Juni, linashusha kivuli cha karibu mita 1.4 ukutani. Ukingo wa paa ukiwa mita 2.5 kutoka chini, dirisha la kaskazini linaloanzia sentimita 90 litapata jua la kiganja kimoja tu. Umejenga dirisha la jua lisiloona jua.

Kupunguza mapaa sikushauri hata kidogo. Tegemea zaidi mashariki na magharibi. Saa 3 asubuhi jua bado liko chini, linapita chini ya ukingo wa paa na kuingia hadi katikati ya chumba, na jioni upande wa pili vilevile. Dirisha la mashariki liwe la sebule au chumba wanachovalia watoto kwenda shule. La magharibi liwe la vyumba vya kulala, maana joto linaloingia saa 10 jioni bado lipo saa 4 usiku. Kwa upande wa kaskazini unaweza kuteremsha dirisha lianzie sentimita 40 kutoka sakafuni. Bibi yeyote atakuonyesha faida yake kwa kuweka mkeka hapo.

Kama kiwanja kina mteremko unaotazama kaskazini, umebahatika. Kama kiko bondeni, panda juu kidogo: baridi la usiku hutiririka kama maji na kutuama chini, na jalidi, yaani umande ulioganda, hukaa huko hadi saa 3.

Tofali ngapi? Ukuta uwe na unene gani?

Kwa nyumba ile ya mita 9 kwa 8, kuta za nje zenye kimo cha mita 2.6, ukitoa milango na madirisha zinabaki kama mita za mraba 73. Tofali la sentimita 40 kwa 20 kwa 10 likilazwa urefu wake ukivuka ukuta, mita moja ya mraba inakula 38. Jumla ni kama 2,800 kwa kuta za nje peke yake, ongeza moja kwa kumi ya kuvunjika. Tofali moja lina kilo 14 hivi likikauka. Ukuta wote, pamoja na udongo wa kujengea, ni zaidi ya tani 50, ndiyo maana udongo uchimbwe hapo hapo kiwanjani na shimo ligeuzwe kuwa la choo au la maji ya mvua.

Kuta za ndani zijenge za udongo pia, hata za sentimita 20. Ndizo zinazotunza joto la jiko.

Nianze mwezi gani?

Mvua zetu zinaanza Novemba na kuisha Aprili au Mei. Chimba udongo Aprili ukiwa bado laini, uuloweke na kuukanyaga. Fyatua Mei. Tofali zikae wiki 3 hadi 4, zikigeuzwa ubavu baada ya siku chache. Julai asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi, hasa kuelekea uwanda wa juu wa Kitulo, na tofali ambalo halijakauka likigandishwa maji yake linachanika kwa ndani bila wewe kuona. Lifunike kwa majani jioni. Jenga Julai na Agosti, ezeka kabla ya mwisho wa Septemba, piga lipu Oktoba.

Udongo mwepesi ni mvivu kukauka. Koti la sentimita 15 linahitaji wiki 6 za upepo, na kwenye ukungu wa Makete hata zaidi. Ukilifunika kwa lipu kabla halijakauka litaota uyoga. Nimeuona.

Mvua haitaibomoa?

Mvua inayotoka juu haina shida ukiwa na mapaa ya sentimita 90. Hatari ni maji ya chini. Msingi uwe wa mawe na upande juu ya ardhi angalau sentimita 45. Rungwe, ambako mvua kwa mwaka inaweza kuzidi milimita 2,000, nenda 60. Juu ya mawe, kabla ya tofali la kwanza, tandika nailoni nzito. Zungusha mfereji, weka gata, na usiruhusu mtu kupanda maua yanayomwagiliwa kando ya ukuta, hata akiwa mama mwenye nyumba.

Na tetemeko la ardhi?

Swali zuri ambalo huulizwa mara chache. Nyanda hizi ziko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Na Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9 ulitosha kuangusha nyumba nyingi za tofali na za udongo na kuua watu.

Ukuta wa udongo hubeba uzito vizuri lakini haupendi kuvutwa wala kusukumwa kutoka ubavuni. Kimo chake kisizidi mara 8 ya unene. Urefu kati ya kuta mbili zinazoushikilia usizidi mara 10, kwa hiyo ukuta wa sentimita 40 unataka chumba kisichozidi mita 4. Dirisha lisizidi upana wa mita 1.2, na likae mita 1.2 kutoka pembeni. Tofali za kona ziumane, zisikutane tu. Kisha juu ya kuta zote, bila kukatika hata mlangoni, pitisha mkanda wa rinta, wa zege na nondo au wa mbao mbili zilizounganishwa kama ngazi, na kenchi zifungwe humo. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu cha gharama kwenye ukuta, kiwe hicho.

Naweza kupiga lipu ya saruji ili ionekane ya kisasa?

Kwa nje ya tofali mbichi, hapana. Saruji ni ngumu na haipumui. Udongo nyuma yake unavuta unyevu na kusinyaa, saruji haiufuati, inaachia. Maji yanaingia kwenye ufa mdogo na hayatoki tena, na siku moja bamba la ukubwa wa mlango linaanguka likiwa na udongo wake mgongoni.

Tumia chokaa iliyolowekwa majuma kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga 3, tabaka mbili nyembamba juu ya ukuta uliokwaruzwa na kunyunyizwa maji. Ilinde na jua kali na jalidi siku za mwanzo. Kwa ndani, udongo uliochekechwa, mchanga, majani yaliyokatwa mafupi na samadi ya ng'ombe. Harufu inaisha ndani ya wiki, na ukuta unabaki laini, hauachi vumbi kwenye nguo.

Tunaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku?

Hapana. Hata "kwa muda mfupi", hata "mkaa ukishashika wote". Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na nyumba iliyozibwa vizuri ndiyo inayoua upesi. Anayeanza kuumwa kichwa na kusinzia anadhani amechoka tu.

Panga joto la moto tangu kwenye mchoro. Jiko la kuni lenye bomba la moshi likae katikati ya nyumba, mgongo wake ukiwa ukuta mnene wa tofali unaopakana na chumba cha kulala. Kwetu upande wa pili wa ukuta huo ni kitanda cha mama mkwe. Kila jioni kabla ya kulala huugusa kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akisema "leo mmepika makande", huwa hajakosea: makande yanakaa motoni saa nyingi, na ukuta unapata moto hadi alfajiri.

Sakafu ya saruji mbona inachoma miguu kwa baridi?

Kwa sababu imelala moja kwa moja juu ya ardhi yenye unyevu. Chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, weka sentimita 20 za kokoto zisizo na vumbi, na kama uko karibu na Rungwe tumia zile nyepesi za volkano, zinazuia maji na baridi kwa pamoja. Vyumbani sakafu ya mbao za paini zilizotiwa dawa, iliyoinuliwa, ndiyo yenye raha zaidi. Mbao tunazo, sijui kwa nini tunahangaika na vigae.

Madirisha ya luva? Matundu ya hewa juu ya mlango?

Luva ziache pwani. Hata zikifungwa, upepo unapita. Dirisha la kioo linalofungwa kwa kukandamiza fremu, lenye kifuniko cha mbao cha ndani na pazia zito linalofika chini, linatosha. Matundu ya hewa yawepo, maana watu wanapumua na jiko linahitaji hewa, ila yawekewe vibao vya kufungua na kufunga. Na mlango wa mbele uwe na kiukumbi kidogo chenye mlango wa pili. Watoto wanaoingia na kutoka mara arobaini kwa siku wanamwaga joto kuliko ukuta wowote.

Si nichome tu tofali?

Tofali la kuchoma ni imara zaidi kwenye maji, lakini hupitisha joto karibu sawa na bichi. Unachoma kuni nyingi bila kupata joto la ziada. Litumie pale chini ya ukuta tu, mawe yasipopatikana.

Kibali cha ujenzi?

Mjini na kwenye viwanja vilivyopimwa, peleka michoro halmashauri upate kibali kabla ya kuchimba msingi. Andika wazi unene wa kuta, mkanda wa rinta na urefu wa mapaa. Afisa akiona hivyo vimefikiriwa, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Majirani watasema tumerudi kwenye umaskini.

Watasema. Wakija kukuona Julai wape chai, waache wavue makoti wenyewe.

Nimeshajenga ukuta mwembamba na nimeshahamia. Nifanyeje?

Nilifanya hivi kwenye ile ya kwanza, kwa mpangilio huu, msimu baada ya msimu. Kwanza dari na pumba. Pili, kuziba mianya ya ukingo wa ukuta na bati, chini ya milango, kando ya fremu, kwa udongo uliochanganywa na majani. Siku mbili za kazi. Tatu, koti la udongo mwepesi kwa nje upande wa kusini tu, likisimama juu ya mstari mpya wa mawe, baada ya kuongeza mapaa kwa bati moja ili lisilowe. Nne, benchi la tofali mbichi kuzunguka jiko. Pande nyingine tatu hadi leo sijazigusa, na aliyepanga humo ameniomba nisimpandishie kodi.